George Müller: Mwizi Aliyefanyika Baba wa Yatima

Safari hii tumeona vema kuwaletea maisha ya George Müller. Wengi wetu tumesikia habari za maombi yake, lakini ujana wake hauhubiriwi mara nyingi.

Alizaliwa tarehe 27 Septemba 1805 huko Prussia, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani. Baba yake alikuwa mtoza kodi wa serikali. Kabla ya kufikisha miaka 10, George alikuwa amezoea kuiba fedha za serikali zilizotunzwa nyumbani. Siku moja baba alimtegea, akampekua, akazikuta ndani ya kiatu chake. Alipokuwa na miaka 14, mama yake alifariki. Usiku ule yeye alikuwa akicheza karata hadi saa nane, hana habari kwamba mama anaumwa, na siku iliyofuata alizunguka mitaani amelewa pamoja na wenzake.

Desemba 1821, akiwa na miaka 16, alitiwa gerezani kwa kulala katika nyumba za wageni bila kulipa. Baba alilipa deni, naye akatoka Januari 1822, akapigwa sana. Lakini gereza halikumbadilisha, wala kiboko. Mwaka 1825 aliingia Chuo Kikuu cha Halle kusomea uchungaji, na ulevi na madeni vikamfuata huko huko. Akasafiri na rafiki zake hadi Uswisi. Yeye ndiye aliyeshika mfuko wa fedha za wote, akawapunja.

Basi, nini kilimbadilisha? Novemba 1825 rafiki yake mmoja alimpeleka kwenye ibada ndogo nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja. George aliomba radhi kwa kufika bila kualikwa, lakini mwenye nyumba alimkaribisha aje wakati wowote. Pale aliona mtu akipiga magoti kuomba, jambo ambalo hajawahi kuliona. Akarudi tena na tena. Hakuacha dhambi zote kwa siku moja, ila marafiki wabaya aliwaacha.

Alipotaka kuwa mmisionari, baba yake alikasirika, kwa kuwa alitazamia mwanawe apate kanisa lenye mshahara mzuri ili amtunze uzeeni. George akaamua kutochukua tena fedha za baba. Kwa muda wa miezi miwili hivi alikaa katika vyumba vya bure vya wanafunzi maskini, kwenye nyumba ya yatima ya Halle iliyoanzishwa na August Hermann Francke. Francke alikuwa amefariki tangu 1727, lakini mlango aliouacha wazi ulimpokea kijana huyu karibu miaka 100 baadaye.

Müller hakusahau nyumba ile. Alihamia Uingereza mwaka 1829, na mwaka 1836 alipanga nyumba mjini Bristol, akapokea yatima. Kufikia 1870 alikuwa amejenga nyumba kubwa tano mahali paitwapo Ashley Down, zenye nafasi ya watoto zaidi ya 2,000. Hakuomba watu fedha; alimwomba Mungu. Na yule aliyewapunja rafiki zake sasa aliandika kila senti, akatoa risiti kwa kila mtoaji na kuchapisha taarifa kila mwaka. Alifariki tarehe 10 Machi 1898, akiwa amelea yatima zaidi ya 10,000.

Wazazi na wazee wa kanisa, tunao akina George hapa kambini. Wengine wameuza hata mgao wa chakula cha nyumbani ili wanywe pombe. Kijana wa namna hiyo akiingia kanisani na kuketi nyuma, mara nyingi sisi hushika mifuko yetu. Hatusemi apewe kesho kutunza sadaka. Hata Müller alihitaji muda. Tunasema apewe mahali pa kuketi, nyumba ya kulala, kazi ya mikono, na mtu wa kuomba pamoja naye. Baba wa mwana mpotevu katika Luka 15 alikuwa bado anaiangalia njia.

Yupo kijana uliyemfungia mlango? Mfungulie juma hili.

Mungu awabariki. Amina.