Al-Biruni, mwanachuoni aliyesoma bahari ndani ya mawe

Ukipita Mji wa Kale wa Mombasa au vichochoro vya Lamu, pale chokaa ilipobanduka ukutani utaliona jiwe lenyewe. Lina vijitundu mfano wa nyota, na mara nyingine kombe zima limeganda ndani yake. Hilo ni tumbawe, lilikuwa hai baharini kabla ya kuwa nyumba. Sisi tumelizoea, hatuliulizi kitu. Lakini miaka elfu moja iliyopita, mtu aliyezaliwa mbali sana na bahari hii aliyauliza mawe ya namna hiyo swali, na yakamjibu. Ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad Al-Biruni.

Alizaliwa mwaka 973, sawa na 362 Hijria, mjini Kath katika nchi ya Khwarazm, ambayo leo ni sehemu ya Uzbekistan. Alisomeshwa na Abu Nasr Mansur, bingwa wa hisabati aliyetoka katika ukoo wa watawala. Mwaka 995 ukoo huo ulipinduliwa, na Al-Biruni, kijana wa miaka 22, akakimbia. Alitangatanga miaka kadhaa, akafika Gurgan karibu na Bahari ya Kaspi, na huko akaandika kitabu juu ya kalenda za mataifa mbalimbali. Baadaye alirudi kwao, lakini hakukaa kwa amani. Mwaka 1017 Sultan Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm na kumchukua hadi mji wake, ambao leo uko Afghanistan. Hakwenda kwa hiari yake.

Mtu mwingine angevunjika moyo. Yeye mwaka uliofuata alikuwa kijiji kimoja karibu na Kabul, hana chombo chochote cha kupimia nyota, akachukua ubao wa kufanyia hesabu na uzi wenye timazi, akapima nao urefu wa jua angani. Kazi iliyokuwa mkononi mwake ilikuwa kitabu kiitwacho Tahdid Nihayat al-Amakin, alichokimaliza mwaka 1025. Shabaha yake ilikuwa kujua miji iko wapi hasa juu ya uso wa dunia, ili watu wa Ghazna wapate kuelekea kibla sawasawa.

Basi ni ndani ya kitabu hicho cha kibla ndimo Al-Biruni alimozungumzia makombe. Alieleza kwamba bara na bahari hubadilishana mahali kwa muda mrefu kuliko umri wa mwanadamu. Jangwa la Arabuni, alisema, lilikuwa bahari, kisha likafukiwa. Ushahidi wake ulitoka visimani. Wachimbaji wakishuka chini walikuta tabaka za udongo, mchanga na changarawe, na mawe ambayo ukiyapasua unakuta ndani makombe na kete. Mengine bado mazima, mengine yameoza na kuacha uwazi wenye umbo lake. Wako Wayunani waliosema maneno ya karibu na hayo kabla yake. Sifa ya Al-Biruni ni kwamba aliyafunga maneno yake kwenye vitu ambavyo mtu yeyote mwenye jembe angeweza kuvihakikisha.

Hoja hiyo ina nguvu kwa sababu ya namna kombe linavyoumbwa. Chaza au konokono wa bahari ana ngozi laini inayovuta madini kutoka kwenye maji ya chumvi. Madini hayo hugeuka kuwa kitu kile kile kilichomo kwenye mawe ya chokaa, na mnyama huyapaka pembezoni mwa nyumba yake, tabaka juu ya tabaka. Ndiyo maana ukilikata kombe unaona mistari kama ya shina la mti. Tumbawe nalo hujengwa na wanyama wadogo sana, kila mmoja ameketi katika kikombe chake, anajijengea sakafu chini yake na kupanda juu kidogo kidogo. Mnyama akifa nyama huoza, jiwe hubaki. Kwa hiyo palipo na tumbawe palikuwa na bahari yenye vuguvugu na maji maangavu. Mwamba ambao Fort Jesus imesimama juu yake ni wa namna hiyo hiyo.

Kutoka Ghazna alipata njia ya kuijua Bara Hindi. Alijifunza Kisanskriti, na kitabu chake kikubwa juu ya India akakikamilisha mwaka 1030. Huko aliona kwamba mawe ya mto karibu na milima ni makubwa, yanazidi kuwa madogo kadiri unavyokwenda mbali, na karibu na bahari ni mchanga mtupu. Akasema nchi ile tambarare ilikuwa bahari, na mito ndiyo iliyoifukia.

Katika kitabu hicho pwani yetu nayo imetajwa. Alisimulia kwamba lulu za Serendib, yaani Sri Lanka ya leo, zilipotea, kisha zikapatikana Sofala katika nchi ya Zanj, watu wakawa wanasema lulu zimehama. Sofala iko Msumbiji, na Zanj ndilo jina ambalo Waarabu waliwaita watu wa mwambao huu.

Al-Biruni hakuwa na njia ya kujua maji ya bahari ile ya kale yalikuwa na joto kiasi gani. Njia hiyo ilipatikana baada ya miaka 900 na zaidi. Mwaka 1947 Mmarekani Harold Urey alieleza kwamba oksijeni iko nyepesi na nzito, na kombe linalojengwa katika maji baridi huchukua ile nzito kwa wingi zaidi. Ukipima tabaka moja moja, unapata joto la bahari la wakati ule.

Elimu hiyo imefika hapa kwetu. Tumbawe moja la Malindi limesomwa hivyo, likatoa habari za joto la bahari yetu tangu mwaka 1801. Jingine la huko huko limeonyesha kwamba udongo unaoletwa na mto Sabaki ulianza kuongezeka mwanzoni mwa karne ya 20, kadiri ardhi ya bara ilivyozidi kulimwa. Tunayoyafanya nchi kavu yanaandikwa baharini.

Lakini anayeandika ni kiumbe hai, na tumbawe likifa habari hukatika. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kali, sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya ilipauka na kufa. Hapo ndipo wazazi wanaotenganisha elimu ya dini na elimu ya dunia wanaponitia wasiwasi. Al-Biruni alianza na kibla akaishia kwenye kombe, na hakuona mpaka wowote njiani. Watoto wetu wanaotoka madrasa kwenda shule wana haki ya kujua hivyo, na kuiendea elimu ya bahari kama mali yao. Wasipofanya hivyo, watasimuliwa habari za miamba yao na wengine.

Al-Biruni alifariki Ghazna, inakadiriwa mwaka 1048, akiwa ameandika vitabu zaidi ya 100. Inasimuliwa kwamba rafiki yake mwanasheria alikwenda kumtazama akiwa taabani, naye akamuuliza juu ya hesabu moja ya mirathi waliyowahi kuizungumza. Rafiki alishangaa, akamhurumia hali aliyokuwa nayo. Mgonjwa akajibu kwamba afadhali aiache dunia akiwa anaijua mas'ala ile kuliko kuiacha akiwa haijui. Rafiki alimweleza, akaaga. Hajafika mbali, akasikia kilio kutoka nyumba ile. Mwenyezi Mungu amrehemu.