Maisha ya Matthew Maury

Matthew Fontaine Maury alizaliwa Virginia, Marekani, mwaka 1806. Akawa baharia, lakini mwaka 1839 gari la farasi lilipinduka, akavunjika mguu, na safari zikamwishia. Akapewa ofisi iliyojaa madaftari ya safari za manahodha. Humo alikusanya habari za pepo na mikondo, akachora ramani zilizofupisha safari za merikebu. Mwaka 1853, huko Brussels, wajumbe wa nchi 10 walipatana kuandika habari hizo kwa namna moja. Mwaka 1861 alijiunga na upande uliotetea utumwa. Hilo ni doa lake. Alikufa mwaka 1873.

Wenzangu wa Handeni na Korogwe, mto wetu Pangani huingia baharini, na bahari haina mpaka. Kidole kimoja hakivunji chawa.