William Wordsworth

William Wordsworth (Cockermouth, 7 Aprili 1770 – Rydal, 23 Aprili 1850) alikuwa mshairi wa Uingereza. Anajulikana hasa kwa mashairi yake kuhusu milima na maziwa ya Lake District, eneo lililoko kaskazini magharibi mwa nchi hiyo. Alikuwa pia mtembeaji hodari na mwandishi wa kitabu cha kuwaongoza wageni katika eneo hilohilo. Kitabu hicho kiliwavuta watu wengi kwenda kwenye maziwa kwa ajili ya kutembea na kujiburudisha, lakini uzeeni mwandishi wake alipinga reli ambayo ingewaleta wengi zaidi.

Utoto na shule

Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano. Baba yake, John, alikuwa mwanasheria aliyesimamia mambo ya tajiri mmoja mwenye ardhi kubwa, Sir James Lowther. Mama yake, Ann, alifariki mwaka 1778 na baba yake mwaka 1783. Lowther alikuwa na deni kubwa kwa marehemu, lakini hakuwalipa yatima hao hadi alipokufa mwenyewe mwaka 1802. Mrithi wake ndiye aliyelipa.

Mwaka 1779 William alipelekwa shule ya Hawkshead, akapanga kwa mama mmoja aitwaye Ann Tyson. Mama huyo hakuwabana watoto, na saa za masomo zilipokwisha walikuwa huru kuzurura. Wakati wa baridi kali maji ya ziwa yaliganda, nao waliteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye vyuma hadi usiku. Wakati wa kiangazi walishindana kupiga makasia katika Ziwa Windermere, ambalo ni ziwa kubwa kuliko yote ya asili nchini Uingereza, wakivuka kutoka kisiwa hadi kisiwa.

Tukio moja la utoto lilimkaa moyoni maisha yake yote. Jioni moja kando ya Ziwa Ullswater alichukua mashua ya mtu bila ruhusa. Mpiga makasia huelekeza uso nyuma anakotoka. Kwa hiyo kijana alikaza macho kwenye ukingo wa mlima uliokuwa juu ya ufuko. Kadiri alivyokwenda mbali, ndivyo kilele kingine kirefu kilivyozidi kujitokeza nyuma ya ukingo ule, akaona kama mlima unainuka na kumfuata. Alirudisha mashua mahali pake akitetemeka. Tukio hilo limo katika The Prelude, shairi refu la maisha yake.

Safari ya Alpi

Mwaka 1787 aliingia chuo cha St John's, Cambridge, ambako hakung'ara. Likizo ya mwaka 1790, badala ya kujiandaa kwa mitihani, aliondoka na mwenzake Robert Jones kwenda Alpi. Wakati ule kijana msomi aliyezuru Ulaya alitarajiwa kupanda gari la farasi. Hawa wawili walikwenda karibu safari yote kwa miguu, kila mmoja na furushi lake, na siku nyingi walitembea zaidi ya kilomita 30. Walipita Ufaransa, ambayo ilikuwa ikisherehekea mwaka mmoja wa mapinduzi, wakafika Uswisi na kando ya Ziwa Como nchini Italia. Katika njia ya Simplon walipotea, wakamuuliza mkulima mmoja, naye akawaambia kwamba tayari walikuwa wameshavuka Alpi. William alisikitika, maana saa aliyoingoja kwa hamu ilikuwa imepita bila yeye kujua.

Alirudi Ufaransa mwaka 1791, akampenda Annette Vallon, na binti yao Caroline alizaliwa Desemba 1792. Vita kati ya nchi hizo mbili viliwatenganisha. Mwaka 1795 urithi mdogo alioachiwa na rafiki ulimwezesha kuishi kwa kuandika, na mwaka 1798 alitoa kitabu Lyrical Ballads pamoja na Samuel Taylor Coleridge.

Maisha Grasmere

Desemba 1799 William na dada yake Dorothy walihamia nyumba ndogo kijijini Grasmere, karibu na ziwa. Mwaka 1802 alimwoa Mary Hutchinson, wakapata watoto watano. Wawili walifariki wangali wadogo mwaka 1812. Dorothy aliendelea kukaa nao.

Kutembea kulikuwa ndiyo kazi yenyewe. Wordsworth alitunga akiwa njiani, akirudia mistari kwa sauti kwa mwendo wa miguu yake. Thomas De Quincey, mwandishi aliyewafahamu vizuri, alikadiria kwamba alitembea zaidi ya kilomita 280,000 katika maisha yake. Mwaka 1805 alipanda Helvellyn, mlima wa mita 950, pamoja na Walter Scott na mwanakemia Humphry Davy. Mwaka huohuo ulikuwa wa msiba: mdogo wake John, nahodha, alizama pamoja na meli yake. Walikuwa wameagana mwaka 1800 kando ya Grisedale Tarn, ziwa dogo lililo juu mlimani, na hawakupita tena hapo pamoja.

Tarehe 15 Aprili 1802 William na Dorothy walikuwa wakitembea kando ya Ullswater siku ya upepo mkali, wakaona maua mengi ya njano ya daffodili ufukoni. Dorothy aliyaeleza katika shajara yake. Miaka miwili hivi baadaye William alitunga shairi ambamo msemaji anatembea peke yake, dada hayumo. Mistari miwili ya shairi hilo ilitoka kwa Mary, kama William mwenyewe alivyokiri. Lilichapishwa mwaka 1807, na baadaye lilifundishwa katika shule nyingi za makoloni ya Uingereza, kwa watoto ambao hawakuwahi kuliona ua lenyewe.

Kitabu cha mwongozo

Mwaka 1810 Wordsworth aliandika, bila kutaja jina lake, maelezo ya kuambatana na picha za eneo hilo zilizochorwa na kasisi Joseph Wilkinson. Maelezo hayo yalipanuliwa na kutolewa kama kitabu mwaka 1822. Toleo la tano ni la mwaka 1835. Humo anaeleza jinsi mabonde yanavyosambaa kutoka milima ya katikati kama vijiti vya gurudumu, na miezi ipi ni mizuri kwa mgeni. Analaumu matajiri waliojenga nyumba nyeupe zenye kuonekana kutoka mbali, na waliopanda misitu ya miti ya kigeni. Anatamani eneo hilo lihesabiwe kama mali ya taifa, ya kila mtu mwenye macho ya kuliona na moyo wa kulifurahia.

Toleo la 1822 lina habari za kupanda Scafell Pike, kilele kirefu kuliko vyote Uingereza (mita 978). Aliyepanda na kuandika ni Dorothy, mwaka 1818, akiwa na rafiki yake Mary Barker. Jina lake halikutajwa kitabuni. Kitabu kiliuzwa vizuri, na husimuliwa kwamba kasisi mmoja alimwuliza Wordsworth kama amewahi kuandika kitu kingine zaidi ya hicho.

Ugomvi wa reli

Tangu 1813 aliishi Rydal Mount, akiwa na cheo cha serikali cha kusimamia stempu za kodi, na mwaka 1843 alifanywa mshairi rasmi wa Malkia Viktoria. Mwaka uliofuata ulitangazwa mpango wa kujenga reli kutoka Kendal hadi Windermere. Wordsworth alitunga soneti ya kuupinga na kupeleka barua katika gazeti la Morning Post. Alidai kwamba wafanyakazi wa viwandani wakiletwa kwa wingi kwa siku moja hawatafaidika na mandhari wasiyoizoea. Afadhali waanze na mashamba yaliyo karibu na kwao. Aliogopa pia kwamba wenye biashara wangeanzisha mieleka, mashindano ya farasi na mashua, na vilabu vya pombe kando ya ziwa.

Wako waliomwona mbinafsi, na si bila sababu. Ujana wake ulijaa michezo ya ziwani, na sifa yake ilitokana na mashairi kuhusu watu maskini. Hata hivyo, hofu yake kwamba wingi wa wageni unaweza kuharibu kile walichokuja kukiona haikuwa ya bure, na waliounda National Trust mwaka 1895 waliifikiria pia. Lake District ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2017.

Reli ilifunguliwa Aprili 1847. Julai mwaka huo binti yake Dora alifariki, na baada ya hapo Wordsworth hakutunga tena la maana. Alizikwa Grasmere, na The Prelude ilichapishwa miezi mitatu baada ya kifo chake. Mji mpya uliota kuzunguka stesheni, ukachukua jina la ziwa. Reli haikuendelezwa mbele. Hadi leo anayekwenda Grasmere hushuka Windermere, akapanda basi au akatembea.