Alan Turing

Alan Mathison Turing (London, 23 Juni 1912 – Wilmslow, 7 Juni 1954) alikuwa mwanahisabati wa Uingereza na mmoja wa waasisi wa sayansi ya kompyuta. Anajulikana hasa kwa kufumbua jumbe za siri za Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Alisoma hisabati katika King's College, Cambridge. Mwaka 1936 alitoa makala kuhusu mashine ya kufikirika inayofanya hesabu kwa kufuata kanuni. Kompyuta za leo hufuata wazo hilo. Alipata shahada ya uzamivu huko Princeton, Marekani, mwaka 1938.

Enigma

Septemba 1939 alijiunga na kituo cha siri cha Bletchley Park. Wajerumani walitumia Enigma, mashine yenye magurudumu yaliyobadilisha kila herufi kwa namna nyingi mno kujaribiwa moja moja. Wanahisabati wa Poland, akiwemo Marian Rejewski, walianza kuifumbua mwaka 1932 na wakawapa Waingereza siri hiyo Julai 1939, jambo ambalo mara nyingi husahauliwa. Turing alibuni mashine iliyoitwa Bombe, ambayo Gordon Welchman aliiboresha. Bombe ilitumia udhaifu wa Enigma na wa watumiaji wake: herufi haikuweza kamwe kugeuzwa kuwa yenyewe, na taarifa za hali ya hewa zilirudia maneno yaleyale kila siku, hivyo yalikisiwa. Udhaifu wa namna hiyo, wa matumizi kuliko wa hesabu, unaisumbua kriptografia hadi leo.

Bletchley Park ilihusiana pia na Afrika Mashariki. Wajapani waliposhambulia Colombo Aprili 1942, wafumbuzi wa Uingereza waliokuwa huko walihamia Kilindini, Mombasa, katika jengo la shule ya Allidina Visram. Turing hakufika huko. Hata hivyo, mwaka huohuo kosa la Wajapani wenyewe liliwawezesha wafumbuzi wa Kilindini kusoma JN-40, msimbo wa meli za biashara za Japani.

Hukumu na kifo

Mwaka 1952 Turing alihukumiwa kwa mapenzi ya jinsia moja, yaliyokuwa kosa la jinai Uingereza. Alikubali kupewa homoni badala ya kifungo, akapoteza kibali cha kufanya kazi za siri. Umma haukujua alichofanya vitani. Habari hizo zilianza kutolewa miaka ya 1970. Alikufa kwa sumu ya sianidi. Uchunguzi uliamua kwamba alijiua, ingawa wengine wanapinga. Malkia Elizabeth II alimpa msamaha Desemba 2013.