Hayati Dakta Matthew Lukwiya, Mlinzi wa Lacor

Askari yeyote aliyepata kushika zamu ya usiku anafahamu kwamba kazi ya mlinzi si kupigana tu. Kazi yake ya kwanza ni kumwona adui angali mbali, na ya pili ni kupeleka habari upesi kwa wakubwa wake. Mlinzi akisinzia, au akiona kisha akanyamaza, kikosi kizima huamka kimekwisha kuzingirwa. Maradhi ya kuambukiza nayo huingia kwa njia hiyo hiyo, na katika nchi yenye vita huingia kwa wepesi zaidi, kwa kuwa barabara zimefungwa, zahanati zimeachwa, na watu wamesongamana makambini. Katika nchi kama hiyo ni nani anayelinda lindo la afya? Maisha ya Hayati Dakta Matthew Lukwiya yanatupa jibu, na pia yanatuachia swali ambalo halijesha.

Lukwiya alizaliwa tarehe 24 Novemba 1957 huko Kitgum, katika nchi ya Waacholi, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa mchuuzi wa samaki, naye alikufa maji wakati Matthew alipokuwa na umri wa miaka 12. Mama yake alibaki akiwalea watoto kwa biashara ndogo ndogo. Kijana huyo hakuwa na mali wala jamaa mkubwa wa kumshika mkono. Alichokuwa nacho ni akili na bidii. Alifaulu mitihani yake vizuri mno, akasomeshwa kwa misaada ya masomo mpaka akafika Chuo Kikuu cha Makerere, ambako alihitimu udaktari.

Mwaka 1983 alikwenda kufanya kazi katika Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, nje kidogo ya mji wa Gulu. Hospitali hiyo ilianzishwa mwaka 1959 na wamisionari wa Kikatoliki, na tangu 1961 ilikuwa ikiongozwa na mtu na mkewe: Dakta Piero Corti, Mwitalia, na Dakta Lucille Teasdale, mpasuaji kutoka Kanada. Lukwiya mwenyewe alikuwa Mprotestanti, lakini jambo hilo halikuwazuia wazee hao kuona mapema kwamba kijana huyo ndiye atakayewarithi. Haikupita miezi mingi wakaanza kumwandaa kwa uongozi.

Baada ya mwaka 1986 vita viliingia katika nchi ya Waacholi, na havikuondoka kwa miaka ishirini. Siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1989, waasi wa Joseph Kony waliingia hospitalini wakitaka kuwachukua watawa wa Kiitalia. Lukwiya aliwazuia, akawaambia wamchukue yeye badala yao. Wakamchukua, naye akatembezwa porini muda wa juma zima akiwa bado amevaa koti lake la udaktari, ndipo akaachiliwa. Tangu hapo malango ya hospitali yalifunguliwa kila jioni kwa raia waliokimbia vijiji vyao, na maelfu ya watu wakawa wakilala uani, wazee kwa watoto, mpaka kupambazuke.

Mwaka 1990 alipelekwa Liverpool, Uingereza, kusomea tiba ya watoto wa nchi za joto. Alifaulu sana hata akapewa nafasi ya kubaki huko kufundisha. Alishukuru, akafunga mizigo, akarudi Lacor. Dakta Teasdale alipofariki mwaka 1996 kwa ugonjwa wa ukimwi alioupata katika kazi ya kupasua majeruhi wa vita, mzigo mkubwa wa hospitali ulikuwa umekwisha kumwangukia Lukwiya, aliyekuwa mganga mkuu wake. Mwishoni mwa mwaka 1998 alikwenda Kampala pamoja na mkewe Margaret na watoto wao watano, ili asomee afya ya jamii huko Makerere.

Huko Kampala ndiko ilikomfikia simu ya tarehe 7 Oktoba 2000. Wenzake wa Lacor walimweleza kwamba kuna ugonjwa wasioufahamu, na kwamba wanafunzi wa uuguzi wamekwisha kufa nao. Siku hiyo hiyo akashika njia ya Gulu. Jioni alimkuta mwanafunzi mwingine akitokwa damu, na dawa zote za kawaida zimeshindwa.

Hapa ndipo yafaa askari atue na kuangalia kazi ya mlinzi hodari. Lukwiya hakuwa na darubini ya ajabu wala maabara ya kutambua virusi. Alichukua faili za wagonjwa waliofariki katika majuma yaliyotangulia, akazisoma usiku kucha pamoja na mtawa mmoja muuguzi, akiziweka zile zilizofanana upande mmoja. Homa kali, kutapika, kuharisha, kutokwa damu, kisha kifo. Kila faili peke yake ilikuwa msiba wa nyumba moja, lakini zilipowekwa pamoja zilikuwa nyayo za adui mmoja. Akavifungua na vitabu vya Shirika la Afya Duniani juu ya homa za kutoka damu, akaona kwamba mambo yanafanana na ebola.

Tarehe 8 Oktoba habari zilipelekwa Wizara ya Afya mjini Kampala, naye Lukwiya hakungoja barua zipite meza hata meza. Hakungoja hata majibu ya maabara. Alifungua wadi ya pekee ya kuwatenga wagonjwa, akachagua wauguzi waliojitolea, akawafundisha kuvaa glavu, barakoa, aproni na buti kila wanapoingia. Damu ilipelekwa Afrika ya Kusini kupimwa, na tarehe 15 Oktoba ikathibitishwa kwamba adui ni ebola ya aina ya Sudan.

Sasa tuyapime mambo hayo kwa haki, maana lindo hupimwa kwa saa na siku. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba mgonjwa wa kwanza aliyejulikana aliugua tarehe 30 Agosti. Basi tangu siku hiyo mpaka habari ilipofika Wizarani zilipita siku 39. Tangu habari kufika mpaka ugonjwa kutambuliwa kwa jina lake hazikupita siku nane. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo somo lenyewe. Mara mlinzi alipolia, wakubwa waliitika upesi. Lakini kabla ya kilio hicho adui alikuwa amekwisha kutembea zaidi ya mwezi mzima katika vijiji, makambi na wadi, bila kuulizwa kibali.

Sababu zake si siri. Watu wengi wa Gulu walikuwa wamehamishwa makambini, wamebanana katika vibanda. Njia za vijijini zilikuwa za hatari, na mtu aliyekufa kijijini alizikwa bila mganga kujua amekufa kwa nini. Malaria na kuharisha vilikuwa vikiua kila siku, hata homa moja zaidi haikumshangaza mtu. Tena katika mazishi ndugu walimwosha marehemu kwa mikono yao, kama heshima inavyotaka, na kumbe heshima hiyo ikawa mlango mmoja mkubwa wa maambukizo. Milango mingine miwili ilikuwa ni kuuguzana nyumbani na kutibu hospitalini.

Baada ya ugonjwa kutambuliwa lindo lilipanuliwa likawa la watu wote. Madaktari wa Serikali, wa Shirika la Afya Duniani na wa Marekani walifika, na maabara ikawekwa hapo hapo Lacor, hata majibu yakawa hayasafirishwi tena ng'ambo. Watu wa kujitolea walifundishwa kupita vijijini. Kwao haikutakiwa elimu ya udaktari. Alama walizopewa zilikuwa chache na wazi: mtu aliyeshikwa ghafula na homa kali, au aliyekufa ghafula, au anayetokwa damu, apelekewe habari mara moja. Kuamua kama ni ebola au siyo ilikuwa kazi ya waliosoma. Watu wapatao 5,600 waliokuwa wamewakaribia wagonjwa waliandikwa majina, wakatazamwa kwa muda wa siku 21. Hata hivyo wengine walikuwa wamekwisha kusafiri kabla hawajaandikwa, na ugonjwa ukafika Masindi na Mbarara.

Lacor yenyewe iliumia. Mwishoni mwa Novemba, baada ya wauguzi kadhaa kufa kwa mfululizo, wafanyakazi walikusanyika kwa hofu na hasira, wengine wakitaka hospitali ifungwe. Lukwiya aliwaendea. Hakuwatisha kwa sheria wala hakuwaita waoga. Aliwaeleza kwamba hatamzuia anayetaka kwenda, lakini yeye atabaki, na kwamba hospitali ikifungwa ataondoka Gulu asirudi tena. Wakasikilizana, wakarudi kazini.

Lakini yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kujeruhiwa pasipo kujua. Alfajiri moja ya mwezi huo, wauguzi walimwita kwa haraka kumsaidia mwenzao aliyekuwa akitokwa damu nyingi. Lukwiya alivaa kila kitu isipokuwa kinga ya macho. Siku chache baadaye homa ikamshika, na damu yake ilipopimwa ikaonekana ana ebola. Alifariki usiku wa tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na umri wa miaka 43, akazikwa siku hiyo hiyo uani mwa hospitali, kando ya kaburi la Dakta Teasdale. Wenzake 12 wa Lacor nao walikufa katika vita hivyo. Tarehe 27 Februari 2001 ilitangazwa kwamba ugonjwa umekwisha. Walioambukizwa walikuwa watu 425, na waliokufa 224.

Hapana shaka kwamba pasipo yeye hesabu ingekuwa kubwa zaidi. Lakini tukimsifu tu tukaishia hapo tutakuwa hatukumtendea haki. Lindo linalotegemea macho ya mtu mmoja si lindo, ni bahati. Mtu huyo angekuwa safarini, au simu ingekuwa imekatika, siku 39 zingekuwa 60. Ndiyo maana wanaochunguza mipango ya kutambua maradhi katika nchi zenye vita hawaulizi kama kuna daktari shujaa. Huuliza mambo mengine: zilipita siku ngapi tangu mgonjwa wa kwanza mpaka habari ya kwanza? Ni vituo vingapi vinavyoleta taarifa kila juma, na vile vilivyonyamaza vinanyamaza kwa kuwa kuna uzima au kwa kuwa hakuna mtu? Habari ikifika, hufuatwa na tendo? Na yule aliyeileta hurudishiwa jibu, au hukata tamaa akaacha?

Uganda imejifunza katika maswali hayo. Mwezi Mei 2011 huko Luwero, ebola iligunduliwa kwa mgonjwa mmoja tu, tena damu ilipimwa Entebbe, si ng'ambo; na ugonjwa haukupata mtu wa pili. Mwezi Juni 2019, vita na ebola vilipokuwa pamoja huko Kivu ya Kaskazini, jamaa waliovuka mpaka kutoka Kongo walitambuliwa mapema katika wilaya ya Kasese, na ugonjwa haukuenea upande wa Uganda. Huko Kivu kwenyewe, ambako watumishi wa afya walikuwa wakishambuliwa na vijiji vingine havikufikika, ugonjwa uliendelea tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, ukaua watu 2,287. Lakini hata katika amani lindo linaweza kusinzia. Mwezi Septemba 2022, ebola ya aina ile ile ya Gulu ilipotangazwa Mubende, vifo vya kutatanisha vilikuwa vimekwisha kutokea vijijini kabla ya hapo.

Jambo hili lamhusu askari na polisi kuliko anavyodhani. Katika nchi yenye vita, ni yeye anayefika mahali ambapo mganga hafiki. Ni yeye aliye kizuizini barabarani anayemwona mgonjwa akibebwa, na aliye kambini anayesikia kwamba nyumba moja imezika watu watatu katika juma moja. Ni yeye pia anayehamishwa kutoka kituo hata kituo, akaweza kuuchukua ugonjwa katika mwili wake bila kujua. Neno moja analolipeleka kwa mganga wa kikosi au wa wilaya laweza kupunguza siku kumi katika zile 39. Vile vile, raia anayemwogopa mwenye bunduki atamficha mgonjwa wake na kumzika usiku. Kwa hiyo ukali usio na sababu nao hulipofusha lindo.

Hayati Dakta Matthew Lukwiya hakushika silaha. Alipowakabili wenye silaha alitoa nafsi yake, na alipoukabili ugonjwa alitoa kwanza usingizi wake, kisha uhai wake. Kwa kuwa alizisoma faili zile usiku ule, wako watu wanaoishi hivi leo wasiojua kwamba wanamdai shukrani. Deni hilo hulipwa na kila mtu aliye zamuni, aonapo jambo lisilo la kawaida, akalitoa habari saa ile ile. Mungu ailaze roho yake mahali pema.