Luigi Amedeo, mtoto wa mfalme aliyekanyaga Margherita wa kwanza

Asubuhi mapema, kabla ukungu haujafunika, wakaaji wa Mutwanga wanaweza kuona weupe juu ya Ruwenzori. Kilele kinachopita vingine, metre 5.109, kinaitwa Margherita. Ni jina la malkia wa Italia. Aliyelitia ni Luigi Amedeo, duke wa Abruzzi.

Alizaliwa Madrid mwaka 1873, baba yake akiwa mfalme wa Hispania. Hata mwezi haukuisha, baba akaacha kiti, familia ikarudi Italia. Kijana akaingia jeshi la majini, lakini roho yake ilikuwa milimani. Mwaka 1897 alipanda Saint Elias, kule Alaska. Kisha akaenda upande wa ncha ya kaskazini, na baridi ikamkatisha vidole viwili.

Mwaka 1906 akaja Ruwenzori kupitia Uganda. Wabakonzo, ndugu za Wanande wa kwetu, walibeba mizigo mpaka kambi za juu. Majina yao hayajulikani sawa ya wazungu. Weupe ule wao waliuita nzururu zamani sana.

Tarehe 18 mwezi wa sita, duke na viongozi wake wa njia kutoka Courmayeur walipanda Alexandra kwanza, kisha wakageukia Margherita. Hapo kulikuwa kazi. Upepo unasukuma theluji mpaka inapita ukingo wa mwamba, inabaki inaning'inia hewani sawa paa. Ukiwa chini yake, inaweza kukuangukia. Ukiwa juu yake, unafikiri ni udongo, kumbe chini ni shimo. Ili kupita paa lile, kiongozi mmoja alipanda juu ya mabega ya mwenzake. Walifika.

Lakini siku inayomwonyesha vizuri zaidi ni ingine, na siku hiyo hakufika. Mwaka 1909, kisha kushindwa K2, alipanda Chogolisa, mlima jirani. Alibakiza metre karibu 150 tu. Hakuna mtu aliyejulikana kufika juu vile mbele yake. Ukungu ukashuka, hawakuona tena ukingo wa theluji unaishia wapi. Wakangoja, wakangoja, ukungu haukutoka. Akaamuru kurudi. Mwanaume mwenye sifa kama ile, kugeuka karibu na mlango! Watu wake wote wakashuka wazima.

Mwaka 1957, kwenye mlima ule ule, Hermann Buhl wa Austria, mpandaji hodari kabisa, alikuwa anashuka katika dhoruba. Alikanyaga ukingo, ukavunjika naye. Maiti yake haikuonekana.

Duke mwenyewe hakufa na mlima. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia aliongoza meli za Italia, na miaka yake ya mwisho alilimisha mashamba Somalia, pembeni ya mto Shebelle. Alikufa huko mwaka 1933, akazikwa huko huko. Barafu aliyoikanyaga Margherita sasa imepungua sana. Mahali pengine imebaki jiwe tupu.