Louis Vicat: Mhandisi aliyegundua siri ya saruji na kuitoa bure

Katika vilima vya Gitega, nchini Burundi, udongo wa kufyatulia matofali haukosekani, na tanuri za kuyachomea hufuka moshi kila kiangazi. Kinachochelewesha nyumba mara nyingi ni mfuko wa saruji. Kiwanda cha BUCECO kipo Cibitoke, lakini uhaba umekuwa ukijirudia, na bei hupanda kila bidhaa inapoadimika. Ndiyo maana swali la kutengeneza zege bila saruji, kwa kutumia mabaki ya viwandani na udongo uliochomwa, lina uzito hapa. Chimbuko la swali hilo limo katika maisha ya Mfaransa aliyefariki dunia mwaka 1861.

Louis Vicat alizaliwa tarehe 31 Machi 1786 mjini Nevers. Alisomea uhandisi mjini Paris, kisha mwaka 1812 akakabidhiwa ujenzi wa daraja la Souillac juu ya mto Dordogne, wenye mkondo mkali. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekausha hazina ya serikali, na fedha za daraja zikachelewa. Mhandisi huyo kijana hakukaa bure. Aliigeuza miaka ya kusubiri kuwa miaka ya majaribio.

Tatizo lilikuwa la kale. Chokaa ya kawaida haigandi ndani ya maji. Warumi waliichanganya na majivu ya volkano ya Italia, lakini kuyasafirisha hadi Ufaransa kulikuwa na gharama kubwa. Ilijulikana pia kuwa baadhi ya mawe hutoa chokaa inayokuwa ngumu majini, na Mwingereza John Smeaton alikuwa amekwisha kuona kwamba mawe hayo yana udongo wa mfinyanzi ndani yake. Vicat alikwenda mbali zaidi: alichanganya chokaa safi na udongo kwa vipimo maalumu, akavichoma pamoja, na kupata kwa makusudi kile ambacho maumbile yalikitoa kwa nasibu.

Mwaka 1817 aliwasilisha matokeo yake mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, na mwaka 1818 akayachapisha kwa wote. Hakuomba hataza. Mwaka 1824, nchini Uingereza, Joseph Aspdin alijipatia hataza ya saruji aliyoiita Portland. Vicat yeye alitumia miaka mingi kuzunguka Ufaransa akichunguza mawe, ili kila wilaya ijue chokaa bora inapatikana wapi. Mwaka 1845 Bunge lilimtunuku pensheni. Kiwanda kilikuja kufunguliwa na mwanawe, Joseph, mwaka 1853.

Upande mwingine wa utafiti wake haukupata sifa kama hiyo. Vicat alionyesha kuwa udongo wa mfinyanzi uliochomwa kwa moto wa wastani, ukasagwa na kuchanganywa na chokaa, huweza kushika nafasi ya majivu ya volkano. Leo jambo hilo limepata maana mpya. Saruji ya kawaida huhitaji joto la nyuzi 1,450 hivi, na mawe ya chokaa yenyewe hutoa hewa ya ukaa yanapochomwa. Sekta hiyo huchangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa hiyo inayotokana na shughuli za binadamu duniani.

Mnamo 1940 Mbelgiji Arthur Purdon alieleza jinsi mabaki ya tanuri za chuma yanavyogandishwa kwa magadi makali. Viktor Glukhovsky aliendeleza kazi ya namna hiyo mjini Kyiv katika miaka ya 1950, na katika miaka ya 1970 Mfaransa Joseph Davidovits akakipa kifungishi cha aina hii jina la jiopolima.

Burundi haina tanuri kubwa za chuma wala mitambo ya makaa ya mawe ya kuipatia mabaki hayo. Ina udongo, vipande vya matofali na jivu la pumba za mpunga. Hata hivyo si kila udongo unafaa, na magadi yanayotumika ni ghali, tena huunguza ngozi. Njia nyingine tayari imejaribiwa Muyinga, ambako maktaba iliyokamilika mwaka 2012 ilijengwa kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa bila kuchomwa.

Vicat alifariki mjini Grenoble tarehe 10 Aprili 1861, na jina lake ni miongoni mwa majina 72 yaliyochorwa kwenye Mnara wa Eiffel. Maabara bado hutumia sindano yake: huachiwa izame katika rojo, na inaposhindwa kupenya, rojo limeganda. Kifungishi chochote kitakachobuniwa Gitega kitalazimika kupita mtihani huo kabla ya kuaminiwa kubeba ukuta wa nyumba.